Nanga zimeng'oka: uzoefu wangu na programu ya kutoa miongozo

Nilingoja hasira zipoe ndipo niandike. Hazikupoa.

Tuna ofisi ndogo hapa Michenzani, tunatengeneza programu ya mahesabu ya stoo za dawa. Mwongozo wake hatuuandiki ukurasa kwa ukurasa. Tunalipia programu inayosoma maelezo yaliyomo ndani ya kodi, yaani maandishi yanayounda programu yetu, na kutoa kurasa yenyewe. Nilikuwa sina neno nayo, hata wenzangu niliwashauri waichukue.

Siku moja, baada ya toleo jipya la hiyo programu ya miongozo, akanipigia mama mmoja mtunza stoo wa Wete. "Mwanangu, kila nikibonyeza hapa pa kung'oa toleo la zamani narudishwa juu." Nikafungua. Kweli. Kiungo kinaelekea nanga, yaani kitambulisho cha kichwa ndani ya ukurasa, #kungoa-toleo, kichwa kimeshapewa #kung-oa-toleo. Ritifaa imegeuzwa kistari! Kila chenye ng' kimekatika, na "Kung'amua makosa" pia. Na seva hainung'uniki hata kidogo, kwa kuwa kivinjari hakiipelekei kilichopo baada ya alama ya reli (#). Ukurasa unafunguka kama kawaida, msomaji anaachwa mlangoni.

Nikawaandikia wahudumu wao. Jibu mstari mmoja: ondoeni alama hiyo kwenye vichwa vyenu.

Tuondoe! Ng'oa ukiiondolea ritifaa inabaki ngoa, wivu, ile inayoliliwa kwenye taarab. Hii ni herufi ya lugha yetu, si uchafu wa kupanguswa. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile kifua kinanibana.

Nilikesha siku mbili nikikiandikia kila kichwa kitambulisho chake kwa mkono, kilekile cha zamani, maana viungo tulishavituma kwa WhatsApp hadi Mkoani. Kisha nikatunga skripti, programu fupi, inayolinganisha kila kiungo na vitambulisho vya kurasa zilizotoka. Kimoja kikikosa mwenzake, hakitolewi kitu. Ikanikamatia na vichwa vitatu vilivyoitwa "Mfano": programu huvibandika -1, -2 kwa mpangilio, ukiongeza kimoja juu, vya chini vyote vinahama.

Nilitaka kuipa nyota tatu, kurasa zinatoka safi na upesi. Naipa moja. Kama vichwa vyenu ni vya Kiswahili, msiichukue. Au basi, ichukueni, sijaona nyingine inayosoma kodi vizuri hivi, lakini vitambulisho andikeni wenyewe tangu siku ya kwanza. Ile nyota moja siiongezi mpaka waniombe radhi.