Irisi za kupanda Bukavu: tazama rizomi kabla ya ua

Mvua za Novemba zikishika, naanza kutumiwa picha zinazofanana: majani ya irisi yamelala chini, manjano kuanzia shinani, na chini ya picha swali, "Mama, hii ndiyo nini tena?" Safari hii zimekuja nyingi kupita kawaida. Mama mmoja wa mtaa wa Panzi alinunua sashe sita, vile vifuko vya plastiki vyenye mmea na udongo wake, azipange kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Kufika Noeli amebakiwa na moja, nayo haijatoa ua hata siku moja. Yeye akalaumu udongo, mume wake akalaumu kuku. Nikamwomba afukue mmea mmoja na kuupiga picha kwa karibu. Kuku walikuwa hawana hatia. Mimea ile ilikuwa imeshaanza kuoza siku aliyoibeba sokoni.

Basi huu ni mwongozo wa kununua irisi kwa watu wa Bukavu, na sitaongea rangi. Rangi, harufu, urefu wa shina, vyote hivyo utaonyeshwa na muuzaji kwenye simu yake hata usipouliza. Mimi nina neno moja tu, kuoza, kwa sababu hapa kwetu ndilo linaloamua kama utaona ua au utaona majani ya kutupa.

Irisi ambayo wengi wanaitaka ni ile ya ndevu, ile kubwa ya kwenye kalenda. Chini yake kuna rizomi, kitu kinene cha vifundo kinachofanana na tangawizi. Wazazi wa irisi hii wametoka pande za Mediterania, ambako kiangazi ni kikavu kweli na rizomi hulala juu ya udongo ikipigwa jua. Halafu sisi tunaileta Bukavu, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, mvua kuanzia Septemba mpaka Mei, na tunaifukia chini kama muhogo. Inaoza. Kinachoiozesha ni bakteria, wataalamu wanaiita Pectobacterium carotovorum, na jina lake la pili linakwambia ilianza kujulikana wapi: kwenye karoti. Ndiyo hiyo hiyo inayolainisha kabichi na viazi na kutoa harufu inayokufanya ugeuze uso. Sasa fikiria parseli zetu. Nani Bukavu ana bustani ya maua peke yake? Ua linakaa kando ya kabichi, kabichi kando ya lengalenga, na jembe ni moja. Kama msimu uliopita kabichi zako ziliyeyuka kwenye kona fulani, kona hiyo usiipe irisi ya ndevu hata ukiahidiwa nini.

Bakteria hiyo huingia kupitia kidonda: ncha ya jembe, mdudu, jani lililochanwa kabla halijakauka. Mvua na udongo uliofunika rizomi humaliza kazi. Na sasa angalia sashe inavyotengenezwa. Muuzaji anataka mmea usimame wima, upendeze. Anajaza udongo mweusi mpaka shingoni, rizomi yote inafunikwa, na anamwagilia asubuhi na jioni ili majani yang'ae. Kila anachofanya kuuremba mmea ndicho kinachouua.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, fanya hivi. Sukuma udongo wa juu kwa kidole mpaka uguse rizomi, kisha ibonyeze kwa kidole gumba. Inatakiwa iwe ngumu kama kiazi ambacho hakijapikwa. Ikibonyea, weka chini. Shika jani la nje kabisa ulivute taratibu. Likichomoka bila kugoma, na mwisho wake ni wa kahawia na una majimaji, weka chini. Nusa kidole chako. Muuzaji atacheka, wateja wengine watakutazama, wewe nusa tu. Akikataa usiguse udongo wake, ameshakujibu.

Namba moja: Dietes grandiflora

Atatokea mtu aseme hii si irisi halisi. Ni kweli, ni ndugu yake wa ukoo mmoja, Iridaceae. Irisi halisi zote asili yao ni nusu ya kaskazini ya dunia; huku kusini mwa ikweta Mungu alitupa Dietes, na mimi sioni tulichopunjwa. Grandiflora imetoka upande wa mashariki wa Afrika Kusini. Majani yake membamba, magumu, yanafika karibu mita moja, hayaanguki kiangazi wala masika. Ua ni jeupe lenye alama za manjano na zambarau katikati, na kila moja hukaa kama siku tatu, wakati ndugu zake wengi maua yao hufungua asubuhi na kufunga jioni ya siku hiyo hiyo.

Rizomi yake ni nyembamba na ngumu, haina ule mnofu ambao bakteria inaupenda. Hii ndiyo sababu yangu kubwa, na ningeiweka namba moja hata ua lake lingekuwa baya. Inavumilia miezi ya Juni, Julai na Agosti bila kumwagiliwa kila siku, jambo ambalo mtu anayepandisha maji kwa bidoni kutoka bondeni atalielewa haraka. Mizizi yake hufungana na kushika kingo za matuta. Wale wa Kadutu na Nguba ambao parseli zao zimelala ubavuni mwa mlima, panda mstari juu ya kila ukingo. Haitazuia mlima kuporomoka, tusidanganyane, ila udongo wa juu hautashuka kwa jirani kila mvua ikinyesha.

Kosa linalofanywa nayo ni moja: ua likinyauka, watu wanakata shina lake. Usikate. Shina la grandiflora huishi miaka na hutoa maua tena na tena pale pale. Mtunza bustani mwenye bidii ya mkasi ndiye adui wa mmea huu. Ikifika siku ya kuigawa, chimba kichaka chote, kipasue, panda vipande mwanzo wa mvua.

Ipo pia Dietes bicolor, ya manjano hafifu yenye madoa meusi-meusi. Nayo ni ngumu, lakini ua lake ni la siku moja. Ukikosa ya kwanza, chukua hii.

Namba mbili: ya chini ya avoka

Karibu kila parseli ina mti wa avoka, na chini yake hakuna kinachokubali. Neomarica gracilis inakubali. Imetoka Brazili, inapenda kivuli na udongo wenye unyevu, ambao kwetu si wa kutafuta. Ua lake, jeupe na buluu, lina harufu nzuri na linakufa siku hiyo hiyo, lakini lingine hufuata. Uzuri wake mwingine ni kwamba huinunui mara mbili: kwenye ncha ya shina lililochanua huota mche mdogo, uzito wake unaliinamisha shina, mche unagusa udongo na kutia mizizi. Ukimwona jirani anayo, usimpelekee hela, mpelekee sahani ya ndizi na urudi na mche.

Namba tatu, kwa wasiosikia: ya ndevu

Najua utainunua tu. Basi tuelewane. Mbali na kuoza, nyingi za ndevu zinahitaji majuma ya baridi kali ndipo ziandae maua. Sisi tuko karibu na ikweta, kwenye kama mita 1,500. Baridi ya Bukavu inatosha sweta, haitoshi irisi. Ndiyo maana wengi wanapata majani mazuri miaka nenda rudi bila ua. Zile ambazo hazidai sana baridi ni zinazochanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, ambazo Wafaransa huziita remontants. Ningeanza na 'Immortality', nyeupe tupu, aliyoitoa Lloyd Zurbrigg mwaka 1982.

Na hapa nakiri upendeleo, sioni aibu: ningenunua ya ndevu kwa watu wa Cayeux kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni familia ya Ufaransa inayofanya kazi hii tangu 1892, orodha yao ni ya Kifaransa ambacho tumekisoma shuleni, na kila irisi ina jina lake. Jina ni kitu kikubwa. Irisi za namna hii husajiliwa na American Iris Society, jina, rangi na mwaka. Ukinunua 'Immortality' ikachanua zambarau, unajua umeibiwa na unaweza kudai. Ukinunua "irisi ya Ulaya" sokoni, utadai nini?

Ila kuna jambo la kalenda ambalo hakuna anayelitaja. Wazalishaji wa Ulaya hutuma rizomi kavu, bila udongo, kuanzia Julai mpaka Septemba, mmea ukiwa umepumzika. Kwao ni wakati mzuri. Kwetu, rizomi inayofika Septemba inashuka kwenye ndege na kukutana na mvua ya kwanza ikiwa haina mzizi hata mmoja. Kama una ndugu Ubelgiji au Ufaransa anayekuja likizo, mwagizie ya Julai, iwe na cheti cha afya ya mimea, na uipande wiki hiyo hiyo. Tengeneza tuta lililoinuka, changanya changarawe, laza rizomi nusu yake ya juu ikiwa nje, inaona jua. Usiwekee mbolea mbichi ya sungura wala ya simbilisi. Inaleta majani laini na kuoza. Ukikuta sehemu imelainika, ikwangue kwa kijiko cha zamani mpaka ufike kwenye nyama ngumu, ioshe kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, sehemu moja na maji sehemu tisa, uiache juani ikauke kabla ya kurudisha. Na usiiweke rizomi jikoni. Nimeshasema inafanana na tangawizi. Irisi ni sumu, kwa watu na kwa mbuzi.

Sasa wauzaji. Mtu anasimama na sashe zake kando ya barabara, unauliza inatoka wapi, anakujibu kwa ujasiri wote, "Mama, hii inatokaka Ulaya, iko na nguvu!" Kesho yake mwenzake pembeni anakwambia mmea ule ule umetoka Kigali. Bei ni dola, si franka, na dola yenyewe anaigeuza mbele na nyuma, anaitazama juani, na akiona mpasuko mdogo kama ukucha anakurudishia: haipiti. Haya. Lakini mimi nikibonyeza rizomi yake nikakuta nusu imeoza, ananiambia itajiponya. Noti iliyochanika kidogo haipiti, mmea uliooza unapita! Siku wateja watakapokagua rizomi jinsi wao wanavyokagua dola, biashara itanyooka. Na bei yenyewe inapanda kwa kumtazama mteja: ukishuka kwenye gari ni nyingine, ukija kwa mguu na kitenge ni nyingine. Mimi huenda kwa mguu.

Vya bei rahisi nitavipitia tu. Pakiti za mbegu za "irisi" zenye picha ya ua la rangi saba: ni uongo, irisi ya mbegu haifanani na mama yake na hakuna ua la rangi hizo. Vitunguu vya irisi ya Kiholanzi: vikichanua, ni mara moja, halafu kwaheri. Glayeli ni jamaa wa ukoo huo huo, kwa meza ya harusi zinafaa, endelea kuzinunua.

Usiyotakiwa kununua kabisa

Ipo ya njano inayopenda maji, Iris pseudacorus, na inauzwa kwa maneno matamu: haiozi, haidai kitu, hata bondeni inaota. Yote ni kweli. Wengine wanaipenda kwa sababu ni ua la bendera ya mkoa wa Brussels, na hapa mjini bado kuna wanaofurahia cha Wabelgiji kwa kuwa ni cha Wabelgiji. Tatizo ni kwamba haisimami ulipoipanda. Mbegu zake zinaelea, na kipande cha rizomi kikisombwa na maji kinaota kitakapokwama. Afrika Kusini imeiweka kwenye orodha ya mimea vamizi inayotakiwa kung'olewa. Sasa sisi mitaro yetu yote inateremkia ziwani, na maji ya Kivu hutoka kwa mto Ruzizi mpaka ziwa Tanganyika. Kichaka kimoja Muhumba, karibu na maji, ni habari ya watu wa Uvira, kule Tanganyika, baadaye.

Kama tayari unayo, ichimbe Julai udongo ukiwa mkavu. Vaa glavu, maji yake yanawasha ngozi. Toa kila kipande, pepeta udongo kwa vidole, anika vipande juu ya bati mpaka vikauke kabisa, kisha vichome. Usivitupe kwenye mtaro, na usimpe mtu anayekuomba.