Flashi Inayojifuta Yenyewe: Mwaka na Nusu Nikiwa Nayo Mkobani

Mimi ni msaidizi wa kisheria mkoani Morogoro. Wengi wanaonijia ni wanawake: mjane aliyetolewa vyombo nje kabla arobaini ya mumewe haijaisha, mke anayepigwa, binti aliyeachishwa shule ili aolewe. Maelezo yao nayaandika na kuyarekodi, na kwa miaka mingi niliyabeba kwenye flashi ya kawaida niliyoifunga pamoja na funguo za nyumbani. Siku moja funguo zile zikadondoka kwenye daladala. Kondakta aliziokota na kunirudishia siku ya tatu, Mungu ambariki, lakini siku hizo tatu sikulala. Ndani ya flashi ile kulikuwa na jina la kijiji alikojificha mama mmoja ambaye mumewe alikuwa anamsaka na panga. Mpaka leo sijui kama kuna mtu aliichomeka mahali akaisoma.

Baada ya hapo nilimwagiza binamu yangu anayeishi Marekani aniletee Apricorn Aegis Secure Key 3NX, flashi inayofunguliwa kwa namba za siri, alipokuja likizo. Bei yake ni mara kadhaa ya flashi ya kawaida yenye ujazo uleule, na mshahara wangu si mkubwa, kwa hiyo nilijifunza kila inachofanya kabla sijaanza kuiamini.

Ina mwili wa aluminiamu na vitufe vya namba usoni kama simu ya kitochi, na ndani ina betri ndogo. Unaifungua kabla hujaichomeka: unabonyeza kitufe cha kufuli, unaingiza namba zako za siri, unabonyeza tena, taa ya kijani inaanza kupepesa, na hapo una sekunde 30 za kuiingiza kwenye kompyuta. Hakuna programu ya kusakinisha. Namba za siri hazipiti kwenye kibodi ya kompyuta kabisa, kwa hiyo hata kompyuta yenye programu ya kudukua kinachoandikwa haiwezi kuzinasa. Haiji na namba za kiwandani pia, lazima uweke zako, kuanzia tarakimu 7 hadi 16. Vitufe vimepakwa tabaka lisilochakaa upesi, mtu asije akazijua namba zako kwa kutazama vitufe vilivyofifia. Saketi za ndani zimefunikwa kwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, hivyo anayejaribu kuibandua atavunja chipu zenyewe. Nimenyeshewa nayo kwenye bodaboda mara nyingi tu, haijapata shida.

Sasa huko kujifuta. Watu wengi wakisikia flashi "inajiharibu" wanafikiri italipuka au itatoa moshi. Zipo za namna hiyo. Mwaka 2012 RunCore ya China ilitoa SSD, yaani diski ya kuhifadhia data, yenye vitufe viwili, cha kijani kwa kufuta data na chekundu kwa kuunguza chipu kwa umeme mkali, na mwaka 2025 TeamGroup ya Taiwan ilionyesha P250Q, SSD ya kufungwa ndani ya kompyuta, nayo ina kitufe chake cha kuiua. Yangu haiungui. Kila faili linaloingia linasimbwa, yaani linavurugwa lisisomeke bila ufunguo, kwa mbinu iitwayo AES ya biti 256, na ufunguo huo unakaa ndani ya flashi yenyewe. Inapojifuta, inachofuta ni ufunguo huo. Mafaili yanabaki kama unga uliokwisha kusagwa, hakuna wa kuyarudisha yakawa mahindi. Ndiyo maana kazi hiyo inakwisha kufumba na kufumbua, hata kama umeijaza. Linganisha na flashi ya kawaida: ukifuta faili, kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha tu, na mtu yeyote mwenye programu ya bure kama PhotoRec anaweza kulifufua.

Kujifuta huko kunatokea kwa njia mbili. Ya kwanza, mtu akikosea namba za siri mara nyingi mfululizo. Kikomo unakipanga mwenyewe, mimi nimeweka mara 10. Njia ya pili ndiyo niliyoitaka hasa: unaweka namba nyingine kabisa, namba ya kufutia. Ukilazimishwa kuifungua, unaingiza hiyo badala ya ile ya kweli. Taa inawaka kijani kama kawaida na flashi inakubali, ila ndani hamna kitu, ni kama imetoka dukani leo. Tangu hapo namba ya kufutia inageuka kuwa namba yake ya kufungulia, kwa hiyo aliyekulazimisha akirudia kuiingiza mwenyewe itamkubalia. Mtu anayetembea peke yake vijijini na siri za watu anaelewa thamani ya kitu hicho bila kuelezwa.

Na hapo ndipo nilipoumia, kwa kosa langu mwenyewe.

Nilipoweka namba ya kufutia niliogopa kuisahau, kwa sababu ni namba usiyoitumia kila siku. Nikaona nichukue ile ya kweli, nigeuze tarakimu mbili za mwisho. Ya kweli ilikuwa inaishia 71, ya kufutia ikaishia 17. Nilijiona mwerevu.

Miezi minne baadaye nilikuwa Kilosa kwa siku mbili, nikachukua maelezo ya wanawake watatu. Jioni ya kwanza nilihamisha rekodi zote kutoka kwenye simu kwenda kwenye flashi, kisha nikazifuta kwenye simu, maana simu ndiyo inayoibiwa kwanza. Usiku wa pili nikiwa gesti umeme ukakatika. Laptopu ilikuwa na chaji ya nusu saa hivi, nikataka nimalizie kuchapa maelezo ya mwisho. Nikaishika simu kwa meno ili tochi yake inimulikie, nikabonyeza namba nikiwa nimechoka. Kijani. Nikachomeka. Windows ikaniambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika.

Nilikaa naitazama sentensi ile. Nikaichomoa, nikaingiza namba ya kweli: nyekundu. Nikaingiza ile inayoishia 17: kijani. Hapo nikajua. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akaniuliza, "Dada, umepata msiba?"

Flashi ilifanya kazi niliyoinunulia. Hakuna fundi angeweza kunirudishia kitu, na kama angeweza basi ningekuwa nimetapeliwa. Kilichopotea hakikuwa mafaili kwangu. Ilinibidi nirudi Kilosa wiki iliyofuata, nikae tena mbele ya wale akina mama, niwaombe wasimulie upya. Wawili walikubali. Mmoja wao alilia palepale alipolilia mara ya kwanza. Wa tatu alinikaribisha vizuri, akanipa uji, kisha akasema, "Mwanangu, yale nilishayatoa kifuani. Sina nguvu ya kuyarudisha." Nilikuwa na kurasa mbili za mwandiko wangu kwenye daftari na ndizo tulizoendelea nazo.

Kwa hiyo ukinunua kitu hiki, namba ya kufutia isifanane na ya kweli kwa lolote: si tarakimu za mwanzo, si urefu, wala namna kidole kinavyotembea kwenye vitufe. Yangu sasa inaanza upande mwingine kabisa wa vitufe na ni ndefu zaidi. Na usiweke kitu humo ambacho hakina nakala nyingine. Flashi hii ni mlinzi asiyekujua kwa sura, anajua namba tu. Ukikosea atakufanyia kama anavyomfanyia mwizi. Yule mtaalamu wa programu wa San Francisco, Stefan Thomas, dunia nzima ilimsikia mwaka 2021: bitikoini 7,002 zimefungiwa ndani ya IronKey, flashi nyingine inayojifunga moja kwa moja ukikosea nywila mara 10, karatasi ya nywila imepotea, majaribio 8 kati ya 10 yameshatumika. Watu walimcheka. Mimi baada ya usiku ule wa Kilosa sina cha kumcheka.

Jambo la pili ambalo wanaosifia flashi hizi hawalitaji ni steshenari. Sisi hatuna printa ya maana ofisini. Nikitaka kuchapisha hati kumi za kiapo naenda steshenari kama kila mtu, kwenye kompyuta ambayo kutwa nzima imeingiziwa flashi za wanafunzi na za makanisa. Mara ya kwanza kijana wa pale alishangaa, "Dada, hii flashi inapiga simu?" Tukacheka, nikaifungua, nikachomeka. Nilipofika nyumbani ndipo nikafikiri: kwa dakika zote zile ilikuwa wazi. Ikishafunguliwa ni flashi kama nyingine. Kompyuta ile ingeweza kunakili kila kitu, au kunipa virusi vile vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato, na namba ya kufutia isingesaidia chochote. Aegis ina hali ya kusoma tu, ambapo kompyuta haiwezi kuandika kitu ndani, na inazuia virusi kuingia. Ila haizuii kunakiliwa. Siku hizi hati ya kuchapishwa naiweka peke yake kwenye flashi ya kawaida ya bei rahisi, na yenye vitufe haitoki mkobani nikiwa steshenari.

Wapo wenzangu walioniuliza kama ni halali. Kusimba data za wateja ni sehemu ya kazi yetu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee wala kufikiwa na asiyehusika. Lakini kubonyeza namba ya kufutia wakati mahakama imeagiza ulete ushahidi ni kosa, na ni kosa kubwa. Mimi nimeiweka kwa ajili ya mume mwenye panga na kibaka wa stendi. Mahakama ikiagiza, mwanasheria wetu atajibu kwa hoja.

Kama unabeba picha za harusi na notsi za chuo, usihangaike nayo, flashi ya kawaida na nakala mbili zinakutosha. Kama unabeba majibu ya vipimo vya watu, majina ya watoa taarifa, au mashahidi wanaoogopa, nunua, na inunue kwa muuzaji anayejulikana. Mtaani zimejaa flashi zilizoandikwa ujazo mkubwa ambazo ndani hazina hata robo yake, na humu unaweka maisha ya mtu. Siku ya kwanza ijaze mafaili yasiyo na kazi, kisha bonyeza namba ya kufutia kwa makusudi uone inavyokuwa. Mimi sikufanya hivyo mapema, nikaja kuiona kwa mara ya kwanza gizani.

Yangu bado ninayo. Kila ninaporudi safari, kabla sijavua viatu, nakala moja inaingia kwenye flashi ya pili ya aina hiyohiyo inayokaa kwenye kabati la chuma ofisini, na rekodi za kwenye simu sizifuti mpaka nimesikiliza sekunde kadhaa za kila moja kwenye nakala zote mbili. Yule mama wa Kilosa aliyenipa uji, kesi yake ya kiwanja bado inaendelea. Zile kurasa mbili za daftari nimezipiga picha, ziko kwenye flashi zote mbili.