Wasia wangu: ofisi ya wakili Chumbageni, Tanga, nyota nne

Dada yangu aliposikia naenda kuandika wasia alisema huo ni uchuro. "Unajiitia nini, wewe?" Basi nikapanda bajaji peke yangu kutoka Makorora, mfuko wa rambo mapajani na karatasi zangu zote ndani.

Ofisi iko ghorofani. Ngazi ni kali kwa magoti yangu haya, na benchi la kungojea ni mbao tupu. Miadi saa tatu, nimeitwa saa nne na nusu. Nyota moja nimeikata hapo.

Wakili, mama wa makamo, alianza na watu kabla ya mali. Wazazi wako hai? Watoto wangapi? Nani wa tumbo lako, nani wa kulea? Mimi nilikwenda na shauri langu tayari: nyumba niliyoijenga kwa cherehani nimwachie binti yangu kitinda mimba, ndiye anayenikanda miguu usiku. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, umesema mali yako igawiwe kwa sheria ya Kiislamu. Binti ni mrithi, na hakuna wasia kwa mrithi. Kaka zake wasiporidhia, karatasi hii haitamsaidia." Nikitaka kumpa, nimpe hiba ningali hai, nimkabidhi kweli, na hati ibadilishwe jina. Hapo nikasita. Niwe mgeni katika nyumba yangu? Bado nalifikiria.

Ila yule kijana niliyemlea tangu shoga yangu alipofariki, ambaye kwenye mirathi hana fungu, huyo naweza kumwusia, mradi isizidi theluthi ya nitakavyoacha. Tukapiga hesabu: nyumba, shamba la michungwa Muheza, vyerehani viwili, akiba ya kikoba. Shamba likaingia ndani ya theluthi. Nilitoa machozi pale pale, sioni haya kusema.

Akauliza madeni. Nikasema sina. Akanyamaza, kalamu mkononi. Nikakumbuka duka la vitambaa Ngamiani, shilingi 85,000. Kisha nikakumbuka na wengine. Akanieleza kwamba mazishi hulipwa kwanza, halafu madeni, halafu wasia, na kinachobaki ndicho wanachogawana warithi. Nilitoka nikapitia dukani kulipa nusu.

Kingine kilichonipendeza ni macho yake. Hati ya nyumba imeandikwa Mwanahamisi, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanakhamis. Miaka yote sijaliona hilo! Akanitengenezea kiapo cha majina, 20,000 juu ya 150,000 ya wasia. Si kidogo kwa fundi wa nguo. Mashahidi nilileta majirani wawili wasiopata chochote, maana aliwakataa wanangu. Kabla ya kutia sahihi alinisomesha yote kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa.

Nakala moja imebaki ofisini. Alinieleza kuwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, nao huhifadhi wasia, ila sijakwenda. Nyingine ninayo mimi. Marehemu mume wangu hati ya nyumba yake aliificha pasipojulikana, tukaisaka miezi minne huku Mahakama ya Mwanzo wanatungoja. Yangu iko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Nilimwita mwanangu mkubwa nimwonyeshe. Alitazama dirishani, akasema, "Nimeona, mama."