Tovuti ya data ya Jiji la Chicago: orodha ipo, jina lako hulioni

Mimi ni mtunza hesabu, majedwali ndiyo kazi yangu, kwa hiyo tovuti hii niliifungua kwa hamu. Ni bure na huhitaji kujisajili. Jedwali la uhalifu linaanzia 2001, linaongezwa kila siku, ila siku 7 za mwisho huachwa. Anwani huishia kwenye kipande cha mtaa, nyumba ya mtu haitajwi. Unachuja, unachora ramani, unapakua. Kwa hilo nawapa heko.

Lakini lililonikesha ni jedwali jingine, lile la watu waliopewa alama za hatari na polisi, lililowekwa hadharani 2017. Lina mistari 398,684. Kila mstari ni mtu, na alama zake hufika hadi 500. Kompyuta ilikuwa ikikadiria nani ataingia kwenye kisa cha risasi, awe mpigaji au mpigwaji. Naam, hata mpigwaji. Aliyewahi kujeruhiwa kwa risasi, alama zake zilipanda kwa sababu hiyohiyo. Aliyekamatwa akiwa bado kijana, zilipanda pia. Januari 2020 mkaguzi mkuu wa jiji alieleza kwamba kukamatwa kulihesabiwa hata pale ambapo mtu hakutiwa hatiani. Wakati huo polisi walishaacha mpango huo, tangu Novemba 2019.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amekaa pembeni, akaniuliza, "Shangazi, nitajuaje kama na mimi nilikuwemo?" Nikachuja: mwanamume, mweusi, chini ya miaka 20. Yakabaki maelfu ya mistari. Majina hayapo. Ni sawa yasiwepo, maana nisingependa jirani asome alama za mtoto wetu. Ila mwenye mstari naye hana njia ya kuupata, wala pa kusema "hapa mmekosea". Mimi nikikosea hesabu ya mteja, ananipigia simu tunarekebisha. Hawa wangempigia nani?

Nawapa nyota 3. Wakifungua dirisha ambapo mtu anathibitisha ni yeye, kisha anaonyeshwa mstari wake peke yake, nitaongeza mbili zilizobaki.

Ukilipakua, usianze na safu ya alama. Anza na ile ya waliowahi kupigwa risasi, kisha uangalie alama walizopewa.