Gozi kavu: uzoefu wangu wa kufungwa kidonda cha mguu

Nimekaa na jambo hili moyoni siku kadhaa nikijiambia niliache, litapita. Halijapita. Kila nikiufungua mguu namkumbuka yule kijana aliyenifunga kidonda zahanati, na mkono unaanza kutetemeka. Basi naandika, mwenye kidonda asome kabla hajaingia nilipoingia mimi.

Jina la zahanati sitalitaja. Ni ya binafsi, njia ya Mbagala, ina chumba cha kufungia vidonda, na sisi wenye miguu mibovu wa maeneo yale wengi tunaishia hapo kwa sababu ni karibu. Kwa mtu anayechechemea, karibu ndiyo sifa ya kwanza.

Kidonda changu kilianzia kwenye ekzosi ya bodaboda. Ilikuwa kipindi cha mvua. Nilishuka upande wa kulia nikiwa na mfuko wa sokoni mkononi, shavu la mguu likagusa bomba. Kovu la namna hiyo mnalijua. Kaeni kwenye daladala muangalie miguu ya watu mtaliona, mguu wa kulia, kwa ndani. Wenzangu hupona wiki mbili tatu. Mimi nilipaka dawa ya meno, maana ndivyo tulivyolelewa, na malengelenge yalipopasuka nikafungua vidonge vya rangi mbili nikanyunyizia ule unga. Dakika 20 chini ya bomba la maji yanayotiririka zingenifaa kuliko hayo yote, lakini hilo nimekuja kuambiwa nikiwa na shimo mguuni.

Wiki zikapita. Likawa linatoa maji, halafu usaha, halafu harufu. Mguu ukavimba hadi kandambili haziingii. Jirani akaja kuniona, akatazama, akasema kwa sauti ya chini, "Hilo lisije likawa donda ndugu." Usiku ule sikulala. Kwetu donda ndugu ni neno zito, ni kidonda kinachohamia nyumbani kwako na kukaa.

Sukari ninayo. Nilipimwa bure miaka kadhaa nyuma, ilikuwa 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, nikaambiwa iko juu, nikapewa karatasi ya kwenda kliniki. Nilikwenda mara mbili tatu, nikameza dawa mpaka nikajisikia mzima, nikaacha. Sijivunii hilo. Nalisema kwa sababu yule kijana angekuwa na haki ya kunigombeza kwa hilo, ningeinamisha kichwa na kunyamaza. Hakuniuliza habari ya sukari hata siku moja.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa nimeshafungwa pale mara nne au tano na watu tofauti, hawa si wabaya, si wazuri. Siku hiyo tulikuwa saba kwenye benchi. Mlango ukafunguliwa, kijana wa kiume, umri wa mwanangu wa pili, akaita, "Mama wa kidonda!" Sisi wote pale tulikuwa na vidonda. Akanyoosha kidole kwangu. "Wewe, wa kidonda kinachonuka. Ingia."

Hakunipa shikamoo. Wapo watakaosema hayo ni ya kizamani. Mimi nasema kijana anayemwita mwanamke wa miaka hamsini na kitu kwa harufu yake mbele za watu, shikamoo ndiyo ingekuwa mwanzo wa kumtibu. Niliingia nikiwa nimeshavuliwa nguo, ndivyo nilivyojisikia.

Nikapandisha mguu kwenye kitanda. Akafungua bandeji kwa pupa, akafika kwenye gozi, kile kitambaa chepesi chenye matundu kinacholalia kidonda. Ilikuwa imekauka, imegandana na kidonda. Nikamwambia, "Mwanangu, imeshika, naomba uilowanishe." Akanijibu bila kuniangalia: "Mama, foleni ndefu." Kisha akavuta.

Akavuta mara moja, kama mtu anayebandua plasta.

Nyayo zangu zimekufa ganzi siku nyingi, naweza kukanyaga kokoto nisijue. Lakini pale kwenye shavu la mguu hisia zipo, na siku hiyo zilikuwepo zote. Nilipiga yowe. Damu ikatiririka mpaka kwenye shuka. Nilipotazama kwenye ile gozi niliona kilichonata: nyama mpya. Ile nyekundu laini, kama pera likipasuliwa, ambayo nilikuwa naiangalia kila siku ya kufungwa nikimshukuru Mungu kwamba inaota. Wiki tatu za kuota. Ilikuwa kwenye gozi, na gozi ikaingia kwenye ndoo ya taka.

Halafu akauliza, "Nyumbani huogi? Mbona kinanuka hivi?"

Sikumjibu. Nilimwaga machozi tu. Akanipiga spiriti, akafunga, nikalipa shilingi 10,000 dirishani na kutoka. Nililipa! Hilo bado linaniuma kuliko spiriti. Nilitoa fedha yangu ya kuuza maandazi kumlipa mtu aliyenirudisha nyuma wiki tatu.

Hapo ningewaambia msiende, msikanyage, na ningeishia hapo. Binti yangu alitaka aende kugombana nao, nikamzuia. Siku tatu nilijifunga mwenyewe nyumbani kwa kitambaa cha khanga nilichokichemsha. Mguu ukawaka, homa ikapanda, nikaanza kuona wekundu unapanda kuelekea goti. Sikuwa na pa kukimbilia haraka zaidi ya pale pale. Nikarudishwa na bodaboda, jioni, nikiwa nimekaa kwa upande kama mgonjwa, na kweli nilikuwa mgonjwa.

Zamu ya jioni alikuwepo sista mtu mzima, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Akaniamkia, "Dada yangu, pole, umekuja na nani?" Nikaanza kulia kabla hajagusa kitu. Akanipima joto, akanitoboa kidole. Sukari ilikuwa 19.4. Akakiangalia kile kipimo, akakaa kwenye kiti. Hakunigombeza. Akasema, "Tuanze na hii. Kwa sukari hii hata nikikufunga kwa dhahabu hakiponi."

Na akanieleza huku akifanya kazi. Sukari ikikaa juu, askari wa mwili wanaopigana na wadudu wanalegea, mishipa midogo inayopeleka damu inaziba taratibu, na mishipa ya fahamu inakufa kuanzia vidoleni, ndiyo maana ganzi na ile hali ya miguu kuwaka moto usiku. Juu ya hayo, mguu wangu ulikuwa na uvimbe wa damu kutorudi juu vizuri, maana nimesimama mbele ya karai la mafuta miaka kumi na zaidi. Maji yakijaa kwenye mguu, ngozi haipati chakula. Kwa hiyo nilikuwa na mambo matatu juu ya kidonda kimoja: moto wa ekzosi, sukari, uvimbe. Wiki zote zile wenzake walikuwa wanafunga kimoja tu.

Alipofika kwenye gozi alichukua chupa ya maji ya chumvi ya hospitali, akaimimina, akaweka mkono wangu juu ya goti langu, akasema tusubiri. Tulisubiri, sijui dakika tano, sijui saba. Akanipigia hadithi za wajukuu wake. Halafu akainyanyua gozi kwa ncha, ikaja yenyewe, haikuvuta kitu. Nilikuwa nimeuma meno nikisubiri maumivu, na maumivu hayakuja.

Dakika tano za maji. Hicho tu ndicho kilichomshinda yule kijana.

Akaniambia nyama mpya huota ikijipenyeza kwenye matundu ya gozi, ukivuta kavu unang'oa shamba zima. Akanikataza spiriti na ile dawa inayotoa povu, maana zinaua wadudu lakini zinachoma na nyama changa. Daktari akaja, nikaandikiwa antibayotiki za sindano na dawa za sukari upya, na sista akanipa kipimo kimoja ambacho sitakisahau.

Alikuwa na kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki, mithili ya mshipi wa kuvulia. Akaniambia nifumbe macho, kila nikihisi kuguswa chini ya unyayo niseme ndiyo. Nikafumba. Nikasubiri. Nikawa nasubiri aanze. Nikamuuliza, "Sista, mbona huanzi?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Dada, nimeshagusa kidole gumba, nimegusa hapa, nimegusa hapa." Nikafumbua macho, nikaona uzi umepinda juu ya unyayo wangu mwenyewe, na mimi sina habari. Kidonda nilikuwa nimekizoea. Hiki kilinitisha zaidi ya kidonda.

Toka siku hiyo nachungulia ndani ya viatu kabla sijavaa, naangalia nyayo kila usiku kwa kioo cha binti yangu, sitembei pekupeku hata msalani. Napumzika mguu ukiwa juu, juu ya moyo, si juu ya stuli tu kama nilivyokuwa nikifanya. Nakula dagaa na mayai, maana nyama haioti kwa ugali mtupu. Homa ilipoisha na wekundu ukashuka, alianza kunifunga bandeji pana ya kuvutika kutoka kwenye vidole kupanda gotini, lakini kabla ya hapo alitafuta kwanza mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Kama damu haishuki vizuri, alisema, bandeji ya kubana inaweza kumpotezea mtu mguu. Nawaombeni wenzangu msijibane wenyewe kwa kuwa mmesoma hapa.

Mfungo nilizuiwa. Nililia kwa hilo pia, lakini ni habari ya siku nyingine.

Sasa mnaniuliza, zahanati ile nzuri au mbaya? Ndipo ninapokwama. Kidonda kimepungua kutoka ukubwa wa kiganja cha mtoto hadi sarafu ya mia. Sukari asubuhi sasa inacheza kati ya 7 na 8. Mguu ninao. Yote hayo nimeyapata kwenye chumba kile kile, kitanda kile kile, dirisha la malipo lile lile. Nilipokaa kuandika nilitaka kuwapa sifuri. Nimeandika mpaka hapa na naona siwezi, kwa sababu sista yule naye yumo humo, na nikiwapa sifuri nimempa na yeye. Basi nendeni. Nendeni jioni. Ulizeni zamu ya nani.

Lakini kwa nini niulize zamu ya nani? Mbona mguu wa mtu utegemee saa aliyopanda daladala? Mama mmoja tuliyekuwa naye benchi siku ile, kidonda chake kilikuwa kwenye kisigino, cheusi pembeni, aliingia baada yangu kwa kijana yule yule. Alikuwa amesikia yowe langu. Nilimwona anavyoshika ukingo wa benchi. Sijamwona tena, nimemuulizia mara mbili, wanasema hakurudi. Huenda kapona, huenda yuko Muhimbili, huenda amejifungia ndani na kitambaa cha khanga kama nilivyofanya mimi, kwa kuogopa kuitwa kwa harufu yake. Nikimfikiria yeye, ile huruma yangu kwa zahanati inakauka.

Nilimweleza mkuu wao. Alinisikiliza, aliandika kwenye daftari, akasema kijana bado anajifunza. Sawa, ajifunze. Ajifunze kwa kuloweka gozi. Sista wa jioni yupo pale pale, mlango wa pili, angemfundisha kwa siku moja. Nilipomwambia mkuu hivyo alisema watalifanyia kazi, na juzi nilipopita asubuhi kuchukua dawa nilisikia mtu anapiga kelele mle chumbani.

Sikuingia. Nilisimama pale mlangoni na dawa zangu mkononi mpaka zikaisha zile kelele. Akatoka baba mmoja, mzee, anashika ukuta. Nikamwambia, "Baba, shikamoo. Ukirudi, njoo jioni. Na ukikosa kuja jioni, mwambie alowanishe kwanza, usikubali avute, hata akikwambia foleni ndefu." Akaniitikia marahaba, akaniuliza kama mimi ni mfanyakazi wa pale.

Jumanne narudi kufungwa. Sista wa jioni amekwenda likizo, nimeshaambiwa. Maji ya chumvi nimenunua mwenyewe famasi, chupa ya nusu lita, yako kwenye mkoba.