Miezi saba ya kwenda kazini kwa gari la kebo, La Paz

Kuanzia Septemba 2018 hadi Machi 2019 nilikuwa Bolivia kwa kazi ya mkataba. Chumba nilikipanga El Alto kwa sababu kodi ya huko ni nafuu, na ofisi ilikuwa bondeni La Paz, karibu na stesheni ya zamani ya reli; hivyo nikawa abiria wa Laini Nyekundu ya magari ya kebo (mabehewa yanayoning'inia kwenye waya) asubuhi na jioni, karibu kila siku ya kazi. Nalisema hili mapema kwa kuwa wengi wanaousifu usafiri huu wameupanda mara moja tu, kamera mkononi.

La Paz imekaa ndani ya bonde lenye kingo kali, kwenye kimo cha mita 3,600 hivi, na El Alto iko juu ya ukingo, mita 400 zaidi. (Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma kila nilipofika nyumbani, na hilo si kosa la gari.) Barabara za kupandia zinazunguka sana na asubuhi hujaa matatu. Laini Nyekundu, iliyofunguliwa Mei 2014 ikiwa ya kwanza katika mtandao ambao sasa una laini kumi, inakatiza hewani kilomita 2.4 kwa dakika kumi tu, ikipita juu ya makaburi ya mji na juu ya mapaa yaliyoanikwa nguo. Kwa matatu safari hiyo hiyo ilinichukua nusu saa, na siku mvua iliponyesha sikuthubutu kumwahidi mtu saa ya kufika.

Kilichonivutia zaidi, hata kuliko mwendo wenyewe, ni kwamba hakuna kusubiri gari lijae. Behewa la watu kumi huingia kituoni kila sekunde 12 na halisimami. Linatambaa tu, nawe unaingia likiwa linakwenda. Siku ya kwanza nilijishika mlangoni kama mtoto, huku mama wa Kiaymara, wenyeji wa asili wa huko, aliyefunga mzigo mgongoni kwa kitambaa cha rangi nyingi, jinsi mama zetu wanavyobeba mtoto kwa leso, akaingia kwa hatua moja na kunipisha nafasi ya kukaa. Ukipiga hesabu, mabehewa matano kwa dakika ni watu 50, yaani 3,000 kwa saa kila upande, na ndiyo maana foleni ndefu ilikuwa ikisonga. Siku za Alhamisi na Jumapili tu, kunapokuwa na soko kubwa la mtaa wa 16 de Julio, ndipo ilinishinda nikarudi kwenye matatu.

Nauli ilikuwa boliviano 3, kama shilingi 44 za Kenya wakati ule, na boliviano 2 za ziada kwa kila laini ya kuunganisha. Kwa laini moja sikulalamika, lakini mwenzangu wa ofisini aliyeunganisha tatu alilipa zaidi ya mara mbili yangu. Vituo navyo ni vichache: kwenye laini yangu vilikuwa vitatu tu, na kutoka chumbani hadi kituoni nilitembea dakika 20. Radi ikiwa kali, safari husitishwa kwa usalama, na msimu wa mvua nililazimika kuwa na pesa ya akiba ya matatu mfukoni.

Kwa La Paz basi, nauli yangu ilikuwa halali yao. Lakini mimi ni mtu wa Mombasa, na niliporudi nilikuta watu bado wakizungumzia kuvusha abiria wa kivuko cha Likoni kwa kebo. Laini ya uwezo ule niliouzoea, hata ikijaa saa 16 mfululizo pande zote mbili, itavusha watu 96,000, ilhali feri hutajwa kuvusha zaidi ya 300,000 kwa siku. Likoni hakuna mlima wa kukwepa, pana maji ya mita mia kadhaa tu, na anayevuka kwa miguu halipi kitu. Isitoshe, sehemu kubwa ya mizigo ya kule inavuka kwa mkokoteni, na mlango wa behewa nililolipanda miezi saba haupitishi mkokoteni.