Taarifa ya akaunti na barua ya benki kwa waombaji wa viza: tathmini ya huduma

Huduma ninayoitathmini ni ile ambayo benki humpa mteja anayeomba viza, yaani taarifa ya akaunti iliyogongwa mhuri pamoja na barua inayothibitisha kwamba akaunti ni yake na ina salio la kutosha. Niliitumia nilipoandaa maombi ya viza ya muda mfupi ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Benki yenyewe sitaitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zinaweza kukutwa kwingine pia, na mwombaji yeyote anastahili kujua cha kukagua kabla hajaondoka dirishani.

Barua yao ni nzuri kweli. Imechapwa kwenye karatasi yenye nembo, inataja jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya akaunti, tarehe ilipofunguliwa, salio la siku hiyo na, jambo ninalolipongeza kwa dhati, salio la wastani la miezi iliyotangulia. Salio la siku moja halimwambii afisa wa viza mengi, kwa sababu fedha zinaweza kuazimwa leo na kurudishwa kesho, ilhali wastani humwonyesha kama mwombaji huishi na fedha hizo au zimepita tu mikononi mwake. Jina na cheo cha aliyetia sahihi vimeandikwa, na namba ya simu ya tawi ipo kwa atakayetaka kuhakikisha.

Taarifa ya akaunti ndiyo iliyoniudhi. Maelezo ya kila muamala hukatwa baada ya herufi chache, hata mshahara, ambao ndio uti wa mgongo wa maombi yote, ukaonekana kama msururu wa tarakimu usio na jina la mwajiri. Mwenye akaunti ataelewa, lakini afisa ambaye hajawahi kumwona na ana rundo la mafaili mezani ataelewaje? Nilipoomba ichapishwe upya, mhudumu alinijibu kwa upole kwamba mfumo hutoa hivyo kwa wateja wote. Ilinilazimu kuambatanisha hati za mshahara na barua ya mwajiri, kisha kuoanisha tarehe zake na mistari ya taarifa, mmoja baada ya mwingine. Mhuri nao ulikuwa kwenye ukurasa wa mwisho peke yake hadi nilipoomba kurasa zote zigongwe.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi huhangaikia ukubwa wa salio na kusahau chanzo chake. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810/2009, inaelekeza kwamba uwezo wa kifedha upimwe kwa kuzingatia muda na madhumuni ya safari, pamoja na bei za wastani za chakula na malazi ya gharama nafuu, zikizidishwa kwa idadi ya siku. Kwa hiyo safari fupi haihitaji utajiri. Kinachozua maswali ni amana kubwa iliyoingia ghafla siku chache kabla ya maombi, na kama imetokana na mauzo ya kiwanja au mafao ya kazi, mkataba au barua ya mafao iwekwe nyuma ya ukurasa huohuo. Kukosa uthibitisho wa fedha za kujikimu ni mojawapo ya sababu zilizoorodheshwa kwenye fomu yenyewe ya kukataliwa viza.

Kasoro nyingine ni kwamba taarifa hukomea mwisho wa mwezi uliopita, isipokuwa mteja aombe vinginevyo. Mimi haikunidhuru, lakini mwanafunzi anayeomba viza ya Uingereza angeweza kuumia, kwani anapotakiwa kuonyesha fedha, lazima ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya kipindi hicho isizidi siku 31 kabla ya tarehe ya maombi.

Barua yao ningeichukua tena bila kusita. Taarifa ningeiomba mapema, ifike hadi siku ya kuchapishwa, na ningeisoma mstari kwa mstari nikiwa bado mbele ya mhudumu. Benki nayo ipanue safu ya maelezo ya miamala ili jina la mwajiri lisomeke lote.